Jiko la Kwenda Nalo Mlimani

Mke wangu alikubali kwenda mlimani kwa masharti mawili. La kwanza, shanta lake lisizidi uzito wa mkoba wake wa kwendea harusini. La pili, kila asubuhi apate chai ya moto kabla hajanyoosha mguu, hata kama tumelala kwenye pua ya mawingu. Sharti la kwanza nililimeza bila maji: mizigo yote ningebeba mimi. Sharti la pili ndilo lililonipeleka mjini kutafuta jiko.

Wanaonijua watashangaa kwamba sikubisha, maana kubisha ndiyo mazoezi yangu ya viungo. Lakini mama watoto alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na goti lilipona, mwenye goti ndiye hakupona. Alihamia dirishani kwenye cherehani yake, na dunia ikawa upana wa lile dirisha: ukuta wa jirani, kamba ya nguo, paka. Daktari wa viungo kila akimwambia, "Mama, tembea," yeye hujibu, "Natembea, daktari," kumbe safari yenyewe ni kutoka kitandani hadi kwenye cherehani. Mwanamke aliyekuwa akiniacha nyuma kila tukienda sokoni! Nilimwona anazeeka kwa kukaa, kama baiskeli iliyoegeshwa ukutani, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa lori lililokatika breki.

Ndipo akaja rafiki yangu, mstaafu mwenzangu tunayemwita Posta kwa sababu alipeleka barua vilimani kwa miguu maisha yake yote. Alikuwa na wazo: matembezi ya siku tatu, kupanda hadi kwenye mgongo wa mlima na kushukia upande wa pili. Watu watatu tu.

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "njia ile inanijua. Mlima ukiniona nakuja unajilaza kidogo."

"Uambie ujilaze sana. Goti hili halina utani."

Hapo akataja masharti yake. Nikayakubali mbiombio kabla hajakumbuka kukataa. Moto wa kuni kule juu ni marufuku, kwa sababu nyasi zikikauka huwaka hata kwa jicho la hasira. Na Posta si mtu wa kutegemewa kwa chai. Yeye hubeba mikate mikavu na njugu, anasema tumbo lake ni la serikali, linapokea chochote hata kikichelewa. Kwa hiyo chai ya mke wangu ilikuwa shingoni mwangu, na safari nzima ilikuwa ndani ya ile chai.

Sikwenda dukani kama mjinga. Kazi yangu, kabla ya kustaafu, ilikuwa kwenye mizani ya malori, ndiyo maana Posta huniita Mizani. Sikuisomea. Nilianza kwa kufagia jukwaa, nikawa naitazama sindano ikicheza mpaka tukazoeana. Mwishowe sikuihitaji tena. Lori likiingia, nalisikiliza linavyoguna, natamka uzito, ndipo mizani inakuja nyuma yangu kuthibitisha. Siku moja lori lilizidi kidogo, dereva akaapa kwamba hajaongeza hata punje. Nikazunguka, nikanusa, nikamuuliza, "Ndugu, umekula nini asubuhi?" Akakiri: maharage, sahani tatu. Nikamtuma akatembee kidogo vichakani. Aliporudi, sindano ikakaa mahali pake. Mke wangu akisikia habari hii husema kila mwaka sahani zinaongezeka. Kwani maharage si mbegu? Mbegu huzaa.

Basi nikaenda. Duka la vifaa vya safari lilikuwa ghorofani, juu ya kinyozi. Mahema yamening'inia darini kama popo, na viatu vimepangwa vyenye soli za kufaa trekta. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa rika la binti yangu mkubwa, miwani juu ya kichwa na penseli nyuma ya sikio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nataka jiko la gesi jepesi kuliko yote duniani."

"Ya dunia nzima sina. Ninayo matatu."

Akayapanga juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa dogo kama buibui aliyekunja miguu. Hilo unalizungushia juu ya kimtungi cha gesi, linakaa hapohapo kichwani. La pili lilikuwa fupi na pana, miguu imetanuka kama ya kaa, na mpira mrefu unaokwenda hadi kwenye kimtungi kilichokaa kando. La tatu limekuja na sufuria yake ndefu, kama birika lililomeza jiko.

Nikatoa mizani yangu ndogo begini. Mwenye duka akateremsha miwani machoni.

"Baba, ulikuwa sonara?"

"Malori."

"Ahaa. Ndiyo maana umekuja na ndogo."

Nikalipima buibui. Uzito wa mayai mawili! Moyo ukaniruka. Kaa lilikuwa zito mara tatu yake, na lile birika sikutaka hata kusikia sindano inasemaje.

"Nachukua hili dogo."

"Sufuria yenu ikoje? Maana hilo linasimama juu ya kimtungi. Ukiliwekea sufuria pana, ni kama mtoto kumbeba shangazi mgongoni."

"Shangazi zetu wembamba," nikamjibu. Ukinitajia uzito, masikio yangu hufunga mlango kwa mambo mengine.

Kikabaki kimtungi chenyewe. Vilijaa rafu nzima, vyote ukubwa mmoja na rangi moja. Nikauliza kama kuna tofauti. Akasema, "Hakuna, chagua chochote." Hilo ni neno asiloambiwa mtu wa mizani. Nilivipima vyote, kimoja baada ya kingine, foleni ikijipanga nyuma yangu, mpaka nikapata kimoja kilichopungua kidogo kuliko wenzake. Nikakinyanyua kama kombe.

"Hiki hapa!"

"Kwa nini hicho?"

"Ndicho chepesi."

Akachomoa penseli sikioni, akaniangalia kwa huruma. "Baba, makopo ni yaleyale. Kilicho chepesi ndicho chenye gesi kidogo."

Nyuma yangu mtu akakohoa kikohozi kisicho cha mafua. Nikajikunyata kama mgeni aliyekalia kofia ya mwenyeji. Maisha yangu yote nimewawinda wanaozidisha, na sasa nikarudi kwenye rafu, nikachukua kizito kuliko vyote, nikakificha kwapani kama dereva wa magendo.

Nyumbani nilimkuta mama watoto dirishani, mguu juu ya kigoda.

"Liko wapi?"

Nikamwekea kiganjani. Akaligeuza upande huu na huu.

"Mume wangu, hili ni jiko au hereni?"

"Ni jiko. Ni jepesi mpaka ukipiga chafya—"

"Jaza maji kwenye sufuria yangu. Weka juu yake, palepale barazani. Usiwashe."

Nikafanya kama nilivyoagizwa. Akainuka, akachukua fimbo yake, akaja hadi mlangoni. Akanyoosha fimbo na kuigusa sufuria, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Shangazi akaanguka kutoka mgongoni. Maji yote yakaniingia viatuni.

"Ya baridi?" akauliza.

"Ya baridi."

"Yangekuwa yamechemka, na miguu ingekuwa yangu?"

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua pa kushika. "Goti moja limeshashonwa, la pili silitoi kwa ajili ya chai. Leta jiko lenye akili, au tukae nyumbani. Mimi kukaa hakuniumi."

Akarudi dirishani. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonichoma: kukaa hakuniumi. Niliona safari inateremka ngazi mbele ya macho yangu, nami nikaikimbilia hadi mjini, viatu vikilia kwachu kwachu.

Mwenye duka hakushangaa kuniona. Alikuwa hata ameshayaweka tena yale mawili juu ya kaunta.

"Shangazi ameanguka?"

"Ameanguka. Sasa naomba sufuria pana, maji na mwavuli."

"Mwavuli wa nini?"

"Ndiye mke wangu."

Akacheka hadi miwani ikamdondoka, lakini vitu akaleta. Nikaweka maji juu ya lile birika, nikaligusa kwa ncha ya mwavuli. Likapepesuka, likajifikiria, likasimama. Nikaligusa tena kwa nguvu kidogo, nguvu ya mke wangu akiwa na njaa. Likalala. Tukafuta kaunta. Kisha nikalijaribu kaa. Lilisogea, likaburura miguu yake kwa hasira, lakini halikumwaga hata tone.

"Hilo liko chini," mwenye duka akasema, "upepo nao haulipati vizuri. Ila ni zito, baba. Wewe na mizani yako mtaelewana?"

"Mizani nimeoana nayo kwa kazi tu," nikamwambia. "Aliyeko nyumbani ndiye mwenye nyumba."

Hata hivyo uzito ni uzito. Mabega yangu si ya ujana tena, na nilikuwa nimeshajaza shanta hadi kikomo changu. Nikarudi nyumbani na kaa, nikatandaza vitu vyangu sakafuni, nikaanza kupunguza. Nikatoa shati la pili, nikatoa kandambili. Bado. Nikatoa kisu kikubwa ambacho nilikuwa nimekibeba kwa ajili ya simba. Bado kidogo. Ikabaki redio yangu, ambayo hulala nayo sikioni tangu watoto wahame. Niliitazama, ikanitazama. Nikairudisha kabatini.

Mke wangu alikuwa akiniangalia kupitia tundu la sindano, maana alikuwa anajaribu kutia uzi.

"Umeacha redio?"

"Nimeiacha."

"Wewe?"

"Habari za dunia zitanisubiri."

 Akaacha sindano, akanitaka niweke sufuria ya maji juu ya jiko jipya, akaja na fimbo yake kuligusa. Kaa likaburura miguu. Akaligusa tena kwa kulikomoa. Maji yakatulia kama uso wa jaji. Kisha akanitaka nipake povu la sabuni pale mpira unapokutana na kimtungi, tukainama wote wawili kutazama kama gesi inatoroka na kutoa mapovu. Hakikutoka kitu.

"Sawa," akasema. "Hili limekaa. Ila nakwambia mapema, hicho kimtungi hakilali na mimi hema moja. Gesi na mimi hatujawahi kuzoeana."

"Kitalala nje."

"Mbali."

"Mbali, mama."

Siku ya kwanza ya safari ilikwenda vizuri kuliko dua. Tulipanda polepole, Posta mbele akizisalimu kona za njia kama jamaa zake, mke wangu katikati na fimbo yake, mimi nyuma na dunia mgongoni. Jioni, jua bado liko, tukapiga hema kwenye kitako kipana kati ya vilima viwili. Nikawasha jiko, likanguruma, chai ikachemka kabla Posta hajamaliza kusema uongo wake wa kwanza. Mke wangu akanywa vikombe viwili. Kabla ya kulala nikakifungua kimtungi kutoka kwenye mpira, nikakipeleka mbali kama nilivyoahidi, nikakiweka juu ya jiwe bapa, peke yake, kama mkwe asiyepatana na ukoo.

Asubuhi niliamka nikakuta nyasi nyeupe. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Jiwe langu bapa limevaa barafu nyembamba, na kimtungi nacho kimevaa vilevile. Pale tulipolala njia inagawanyika: kulia inapanda kwenye mgongo wa mlima, kushoto inateremka upesi hadi barabarani, kwenye magari. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni mwa hema, blanketi hadi puani, mguu umenyooka mbele yake kama gogo.

"Goti limekaza," akasema. "Halikunji. Leta chai tuone."

Nikafunga mpira, nikafungua koki, nikawasha kiberiti. Moto ukatoka mdogo, wa bluu, kama ua lililochanua kwa kulazimishwa. Ukaguna, ukatetemeka, ukazima. Nikawasha tena. Safari hii haukuguna hata kidogo.

"Umekwisha," Posta akasema, akitafuna mkate. "Poleni."

"Haujaisha."

"Mizani, jiko lililozima bila upepo limekwisha gesi. Hata mimi wa barua najua."

Mke wangu alisikia yote. Akatazama kushoto, kule njia inakoteremka.

"Mzee," akaniambia kwa upole, na upole huo ulinitia hofu, "hatukosani. Umejitahidi. Nisipopata cha moto mguu huu haupandi. Tushuke tu, nikae zangu nyumbani, na tusije tena kusumbuana na milima."

Tusije tena. Niliuona ukuta wa jirani, kamba ya nguo, paka. Nikakifungua kimtungi kutoka kwenye mpira ili nikitupe ndani ya shanta, na mkono ukakataa. Nikakipandisha na kukishusha kiganjani. Nikafumba macho.

"Huyu kashiba," nikasema.

"Nani?"

"Huyu. Ameshiba. Gesi iliyotumika jana haifiki hata robo yake."

"Mkono wako ulishastaafu, Mizani," Posta akasema.

"Mkono haustaafu! Mimi nimepima lori kwa sikio. Kuna uzito humu ndani, ila hautaki kutoka. Sijui kwa nini."

Mke wangu akatoa mkono mmoja ndani ya blanketi, akakigusa kimtungi kwa ncha ya kidole, akaurudisha upesi.

"Hiki kililala wapi?"

"Si uliniambia nje? Mbali?"

"Kililala juu ya barafu usiku kucha?" Akanikazia macho. "Na mimi hapa, ndani ya hema, na soksi mbili, na blanketi, vidole havifunguki. Hiki nacho kilichotupwa nje peke yake kitafanya kazi gani? Kimekufa ganzi, maskini."

Posta akasimama, akitoa kiberiti chake. "Basi tukipashe. Tukiwekee ka-moto kidogo hapa chini, dakika—"

"Thubutu!" Sauti ile iliamsha ndege bondeni. "Shemeji, ukitaka kututangulia mbinguni nenda peke yako, tena nenda kule nyuma ya jiwe!"

Posta akakirudisha kiberiti mfukoni kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Mke wangu akavuta pumzi, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe."

"Nikupe nini?"

"Nipe hicho kidubwasha kabla sijabadili nia."

Nikampa. Akakifuta barafu kwa upindo wa blanketi, akafumba macho, akakiingiza ndani, akakibana kifuani chini ya sweta. Akatoa ukelele wa baridi ambao sitauandika hapa, maana wajukuu wangu wanajua kusoma. Kisha akakikumbatia. Mwanamke ambaye hakutaka kulala na gesi hema moja! Alikaa pale akikipakata kama mtoto mwenye homa, akiyumba kidogo mbele na nyuma, huku akikisemesha: "Umenitesa wewe. Ukinilipukia nitakuchapa. Haya, pata joto. Pata joto ufanye kazi uliyoletewa."

"Mwimbie," nikasema.

"Nyamaza. Wewe ndiye uliyemlaza nje."

Sikubishana na hilo. Nilichuchumaa mbele ya jiko, sufuria tayari na majani ya chai tayari, na moyo ukipanda na kushuka kama sindano ya zamani. Posta alisahau kutafuna. Jua likachungulia juu ya kilima, likatugusa magoti. Baadaye mke wangu akakitoa, akakishika kwenye mashavu, akaguna kwa kuridhika.

"Chukua. Sasa kina uhai."

Nikafunga. Nikafungua koki taratibu. Nikawasha. Moto ukatoka mdogo, ukajifikiria. Kisha ukasimama. Ukanguruma! Kaa likawaka kama mwenye habari ya kusema, maji yakaanza kunong'ona, yakazungumza, yakapiga kelele, na mimi nikakaa chini kwa kishindo juu ya nyasi zenye barafu bila hata kuhisi zimenilowesha suruali.

"Mzee, unalia?" Posta akaniuliza.

"Moshi."

"Gesi haina moshi."

"Basi ni wa ule moto wako uliokatazwa kuwasha."

Mke wangu alipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikinywa chote, kisha akakitaka cha pili, na hicho hakukinywa mara moja. Alikiweka kando ya goti, juu ya blanketi, akalikanda goti kwa vidole vilivyopata joto. Nikaona gogo linakuwa mguu tena. Akakunja. Akanyoosha. Akakunja.

"Posta," akauliza, "huko kulia ni mbali?"

"Kupanda tu, shemeji. Ukifika juu unaona pande zote mbili."

"Pande zote mbili za nini?"

"Za kila kitu."

Alimaliza chai. Akashika fimbo, akainuka mwenyewe, na nilipomkimbilia kumsaidia akanisukuma kando kwa kiwiko. Akatazama kushoto kidogo, kule kwenye magari. Kisha akavaa kishanta chake cha harusini akaondoka, akapita kulia. Sisi bado tulikuwa tunang'oa hema. Nilijaza vitu ndani ya shanta bila kupanga na bila kupima. Mara ya kwanza maishani mwangu sikujua nimebeba uzito kiasi gani, na kwa kweli sikutaka kujua.

Tulipoanza kupanda, yeye alikuwa ameshafika kwenye kona ya kwanza. Posta alijaribu kuongeza mwendo, akaishia kushika kiuno. Mimi mapafu yalikuwa yakipiga honi. Kutoka juu, nyuma ya mawe, tukaisikia sauti yake ikiteremka kwetu, nzuri, yenye kiburi kilekile cha njia ya sokoni:

"Nyie wanaume! Mnakuja, au nirudi niwabebe?"

Nikasimama katikati ya njia, nikipumua kama lori la mchanga, nikacheka mpaka Posta akanishika begani akidhani nimezidiwa.